Mstaafu wa Miaka Minne

4 Februari

Kaka yangu wa mawinguni,

Hujambo huko mlimani? Sisi huku chini tunasukuma siku. Mama kifua kimembana tena na anakataa dawa. Mume wangu anakusalimu. Bado anafundisha watu kuendesha gari na bado hakuna aliyemuua. Mimi niko palepale kliniki, chumba cha nyuma, nachonga meno ya bandia. Juzi nilimaliza seti ya juu na chini ya mzee mmoja. Alipoyavaa akajitazama kwenye kioo, kisha akasema, "Haya ni ya mtu mwingine, lakini nimempenda."

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako huko kituo cha hali ya hewa imekuwa pambo. Natumaini gari la mahitaji litakufikishia barua hii kabla panya hawajaisoma.

Sasa neno lililonikalisha. Mpwa wako anasoma.

Sisemi anatambua herufi. Anasoma, kaka! Tumejua wiki iliyopita, siku mama alipoamka hoi na baba mtu akalazimika kwenda kazini na mtoto. Akamfunga mkanda kiti cha nyuma cha gari la mafunzo. Kwenye usukani alikuwa mwanafunzi, mama mtu mzima, jasho linamtiririka. Wakafika njia panda. Sauti ikatoka nyuma: "Simama. Pameandikwa simama." Yule mama akakanyaga breki mpaka gari likazima. Wakaondoka tena. "Hapa hairuhusiwi kupinda. Hapa ni magari ya wagonjwa tu. Wewe ni mgonjwa?" Yule mama akamgeukia mume wangu: "Samahani, kati yenu nyinyi wawili, nani nimemlipa?"

Tangu siku hiyo wanafunzi wote wanamwita Mheshimiwa, na wengine hawapandi gari mpaka awepo.

Anasoma magazeti, anasoma mifuko ya saruji, anasoma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa. Ndiyo maana mama hanywi dawa. Alisomewa madhara yote, mpaka lile la nywele kuota masikioni.

Hajafika miaka minne. Tumeamua aanze chekechea, na mume wangu amesikia habari za shule moja ya watoto wenye vipaji. Wewe ndiye kipanga wa familia hii, wewe uliyerushwa madarasa mpaka mama akawa anakata suruali za sare kwa mkasi ili zikutoshe. Unashauri nini? Na unarudi lini?

Dada yako


2 Machi

Dada,

Barua yako imefika ndani ya gunia la viazi, inanukia udongo lakini inasomeka. Nashukuru Mungu mko salama. Sisi huku tupo wawili kama kawaida, mimi na vipimo vyangu na Mzee wa Jenereta na jenereta lake. Upepo umeng'oa kipimo cha upepo. Tumeripoti makao makuu kwamba upepo ni mkali. Wameuliza ni mkali kiasi gani. Tumewajibu: kiasi cha kuondoka na kipimo.

Mwambie mama anywe dawa, nami nasema hivyo kama mwanawe wa kwanza. Na lile boksi mfiche mtoto.

Habari za Mheshimiwa nimezisoma mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea Mzee wa Jenereta. Amecheka, kisha akaniuliza swali ambalo nami nakuuliza: anacheza na nani?

Kuhusu shule sina la kusema. Kuhusu likizo, ratiba haijapangwa.

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Pole na upepo. Mama anakunywa dawa sasa; tumeihamishia kwenye chupa isiyo na maandishi. Miguu inamsumbua kidogo, ila mdomo mzima.

Tumekwenda kwenye ile shule. Kaka, niko na umri huu, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kuona mambo yale. Mlangoni mlinzi alimuuliza mtoto, "Una miadi?" Ukumbini kulikuwa na watoto wamevaa tai, wamekaa mguu juu ya mguu. Mmoja alikuwa anapiga miayo akatazama saa ya ukutani. Nikamwamkia!

Mheshimiwa aliitwa peke yake kwa Mkurugenzi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na mimi masikio ninayo. Nilimsikia Mkurugenzi akiuliza, "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Mtoto akajibu, "Kwenye miaka minane." Nikasikia kalamu inaandika kwa kasi.

Akatoka amefaulu. Kumbe kazi ilikuwa haijaanza. Tukaitwa sisi wazazi.

Mimi nilikalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu, nikaambiwa nipange vibao vya rangi huku mtaalamu mwenye koti jeupe akinitazama. Mikono yangu inapanga meno kwenye nta kila siku ya Mungu, lakini vile vibao viliniangukia mara mbili. Mume wangu akaambiwa achore nyumba. Akachora. Mtaalamu akaitazama, akavua miwani, akavaa tena.

"Baba, nyumba haina mlango."

"Uko upande wa nyuma," mume wangu akasema.

"Kwa nini mlango umeuficha?"

"Sijauficha, uko nyuma."

"Nani hutaki aingie, baba?"

Mume wangu akaanza kutokwa jasho kama wanafunzi wake. Hatimaye Mkurugenzi akasema mtoto amekubaliwa, ila baba amepita kwa masharti: atakuja kila Jumamosi kwa masomo ya ziada. Kaka, anakwenda. Jumamosi iliyopita amerudi na nyumba yenye milango mitatu na tumeibandika kwenye friji.

Sare tumeshashona. Tai inamfika magotini. Omba Mungu. Na likizo?

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Sisi wazima. Ukungu umekaa hapa tangu wiki iliyopita, hata Mzee wa Jenereta simuoni, namsikia tu akikohoa. Mwambie shemeji hongera ya milango. Mzee anasema nyumba isiyo na mlango ndiyo nyumba salama, na anataka kujua kama shule ile inapokea watu wazima moja kwa moja.

Umeniandikia kurasa nne. Swali langu la barua iliyopita hukulijibu. Labda ukurasa ule ulipotea njiani.

Nilipokuwa na miaka saba, jirani yangu darasani alikuwa anaanza kuota ndevu. Alikuwa mtu mwema. Wakati wa mapumziko alininyanyua dirishani nitazame wenzake wakicheza mpira.

Ukungu unaanza kuondoka. Niende kusoma vipimo.

Kaka yako


18 Mei

Kaka,

Tumepata barua yako, tunashukuru. Mama anauliza kama huko unavaa soksi. Kliniki kazi zimejaa; daktari amepata wateja wengi wanaotaka meno meupe kuliko chupa ya maziwa, nami nachanganya rangi mpaka macho yanauma.

Kaa chini, kama hujakaa.

Mheshimiwa alianza shule Jumatatu moja mwezi jana, darasa la watoto wadogo. Jumatano wakampandisha darasa la kati kwa sababu alimaliza vitabu. Wiki iliyofuata wakampandisha la juu. Humo akamsahihisha mwalimu tahajia ubaoni, kwa adabu, alinyoosha mkono. Mwalimu akaomba ruhusa akaenda kunywa maji na hakurudi siku ile.

Basi nikaitwa. Msaidizi wa Mkurugenzi akaniambia, "Mama, tumeishiwa madarasa."

"Sasa anakaa wapi?"

"Ofisini."

Nikadhani ni adhabu. Nikapelekwa. Kaka, mwanangu alikuwa ameketi nyuma ya meza, juu ya mto na kamusi, anapokea simu. "Shule ya vipaji, habari za asubuhi, subiri kidogo." Mhasibu wa pembeni akaninong'oneza, "Tangu aje yeye, faili zinapatikana."

Siku ya wazazi kukutana na walimu tulikwenda, mimi na mume wangu, tumevaa vizuri. Tukaingia chumbani. Upande ule wa meza amekaa Mkurugenzi, na pembeni yake amekaa mwanetu. Tukaelezwa maendeleo ya mtoto na mtoto mwenyewe akitikisa kichwa kukubali. Palipofika pa tabia, Mkurugenzi akasema, "Wakati mwingine ni mkaidi." Mheshimiwa akasema, "Hilo tulijadili kwenye kikao cha walimu." Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga pia. Hakuna kati yetu aliyejua tunakanyagana kwa ajili ya nini.

Wiki iliyopita wakamfanyia mahafali. Peke yake. Joho lilikatwa kutoka kwenye pazia la ukumbi. Mkurugenzi alitoa hotuba, akalia, akasema shule haina tena cha kumpa, akamkabidhi saa ya ukutani ya ukumbini kama wanavyopewa watu wanaostaafu. Na shule ya msingi tumeuliza: hawampokei mpaka afikishe umri, sheria ni sheria.

Kwa hiyo nyumbani nina mstaafu wa miaka minne. Ametimiza juzi.

Nashinda naye kliniki. Anakaa chini ya meza yangu akinipangia meno ya mbele na magego. Tumejaribu chekechea nyingine mbili. Ya kwanza walisoma cheti chake wakasema ana sifa kupita nafasi iliyopo. Ya pili walidhani tunamwombea kazi, wakasema nafasi za ualimu zimejaa ila wataweka jina lake.

Unaweza kucheka. Mimi nacheka mchana. Niambie nifanye nini, wewe uliyepita njia hii. Na usiniambie ratiba haijapangwa.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Mwambie mama navaa soksi mbili mbili.

Nimecheka kwa sauti mpaka Mzee wa Jenereta akaja na spana akidhani kuna kilichoharibika. Kisha nikatoka nje kusoma kipimo cha mvua, nikasimama pale muda mrefu, na mvua haikuwepo.

Umeniuliza nini cha kufanya. Sijui, dada. Najua kilichonitokea mimi tu. Walinirusha, nikafurahi, mama akafurahi, mtaa mzima ulifurahi. Kila mwaka nilikuwa mdogo kuliko wote na wa kwanza kuliko wote. Kila nilipoanza kumzoea mtu, nilihamishwa. Mpaka nikaacha kuwazoea. Ikawa mazoea. Nilipomaliza chuo wakaniuliza nataka kituo gani, mjini kwenye watu arobaini au huku kwenye mtu mmoja. Sikufikiri hata dakika.

Silalamiki. Mawingu ni mazuri kuyatazama. Ila mimi na Mzee tumekaa wote miaka yote hii, na mpaka wiki iliyopita nilikuwa sijui kama ana watoto. Nimemuuliza kwa sababu ya barua zako. Ana watano! Alikuwa anasubiri niulize, anasema.

Kwa hiyo sikupi ushauri. Nauliza mara ya tatu, na safari hii usiniandikie habari za meno. Anacheza na nani?

Kaka yako


4 Julai

Kaka,

Mama mzima, mume wangu mzima, salamu zote umezipata.

Hachezi.

Nilikuwa sijibu kwa sababu nilidhani nisipoandika haitakuwa kweli. Jioni watoto wa majirani wanacheza mpira wa matambara uani petu. Yeye anasimama ukutani, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mwezi jana alijitahidi, akaenda kuwaelezea kanuni za mpira alizosoma gazetini, zote, na kanuni ya kuotea aliieleza mara mbili. Alipomaliza walikuwa wamehamia uani kwa watu wengine. Akarudi ndani akaniuliza, "Mama, wale huwa wanaanzaje?"

Nilikuwa na chaki ya kutengenezea meno mikononi. Nilimwambia anawe mikono, na mikono yake ilikuwa safi.

Basi nikasikia kuna mwanamke mtaa wa nyuma ya stendi anakaa na watoto. Alikuwa askari wa barabarani, amestaafu, wanamwita Afande. Mume wangu aliposikia jina akasema ana kazi za dharura. Nikamburuta. Kumbe zamani aliwahi kumkamata na wanafunzi saba kwenye gari la watu watano. Tulipofika mume wangu alijikunja nyuma ya usukani, nikaingia mwenyewe na mtoto.

Ni uwanja wa vumbi wenye ukuta, bomba la maji, matairi ya zamani, na watoto kama siafu. Afande amesimama katikati juu ya kreti ya soda, filimbi mdomoni, glavu nyeupe mikononi. Anasimamisha baiskeli za magurudumu matatu kwa mkono mmoja na kuwaruhusu waendao chooni kwa mwingine.

Nikamfungulia bahasha ya vyeti. Hakuitazama.

"Analala mchana?"

"Analala. Afande, huyu anasoma tangu..."

"Chooni anakwenda mwenyewe?"

"Anakwenda. Ila nilitaka kukueleza, ameshahitimu..."

Akapuliza filimbi, si kwangu, kwa mtoto aliyekuwa anamwaga maji kwenye kiatu cha mwenzake. "Kesho aje na nguo za kuchafua," akasema. Kisha, bila kugeuza shingo: "Na yule aliyejificha kwenye gari mwambie taa yake ya nyuma haiwaki."

Sasa hofu yangu. Ana wiki ya pili pale, na ameacha kusoma. Nampa gazeti, analishika kichwa chini miguu juu. Jana mume wangu alipita njia panda kwa makusudi bila kusimama, mtoto kimya! Tumeshtuka wote. Nikamuuliza, "Mwanangu, pale pameandikwa nini?" Akasema, "Sijui." Akatazama dirishani.

Kaka, nimemharibu? Nijibu upesi.

Dada yako


19 Agosti

Kaka,

Sijapata neno lako. Wanasema barabara ya mlimani imekatika kwa mvua, mvua ambayo bila shaka umeipima. Naandika tu, itafika ikifika. Mama anakuombea. Mume wangu ametengeneza taa ya nyuma, na ya mbele, na amejinunulia kizima moto.

Ile hofu yangu imepata jibu. Nilimkalisha Mheshimiwa kitandani nikamwambia ukweli: najua unajua kusoma. Akafikiri sana. Akasema, "Tingatinga hajui. Kwa hiyo na mimi sijui."

Tingatinga ndiye nani? Ni binti wa muuza mkaa, mnene, hana meno mawili ya mbele, anapita katikati ya kila kitu bila kuzunguka. Siku ya kwanza alimkuta wetu amesimama ukutani mikono nyuma. Hakumuuliza jina. Alimkabidhi ndoo akamwambia, "Shika." Akashika. Ndiyo wamekuwa marafiki hivyo, kaka. Hakuna kanuni iliyosomwa.

Wanachimba shimo. Nimeuliza la nini, nimeambiwa siwezi kuelewa.

Sasa jana. Afande alinipigia kliniki, sauti ya kituo cha polisi: "Mama, kumetokea tukio." Nikaacha meno ya mteja kwenye maji ya moto, nikakimbia na aproni yangu. Nikamkuta mwanangu amekaa kwenye kreti ya Afande, vumbi mpaka kwenye kope, machozi yamechora mifereji mashavuni, mkono ameunyoosha mbele. Ameng'atwa. Alama ya meno, duara kamili, na pengo mbele. Kwa kazi yangu sihitaji kuambiwa ni ya nani.

Tingatinga alikuwa pembeni analia kuliko yeye. Waligombea ndoo.

Nikajaza pumzi nimseme mtu, yeyote aliye karibu. Mheshimiwa akanishika aproni. Akaninyanyulia ule mkono kama kombe la ubingwa, kamasi zinamtoka, akasema, "Mama, tazama! Nimeng'atwa na rafiki yangu!"

Kaka, nimemtazama. Kisha nikaketi kwenye tairi nikalia, na Afande akanipulizia filimbi kwa sababu lile tairi lilikuwa njiani.

Leo asubuhi amekataa kuvaa mikono mirefu.

Dada yako


6 Septemba

Dada,

Barabara imefunguka jana, barua zako mbili zimefika kwenye gunia moja. Niliifungua ya Julai kwanza, nikakosa usingizi wa mchana, kisha nikaifungua ya Agosti. Mama apewe salamu. Mvua ile nimeipima, ndiyo. Chombo kilijaa kikamwagika, nikaandika "nyingi".

Hukumharibu.

Barua ya Agosti nimemsomea Mzee wa Jenereta wakati wa chai. Hakucheka kama nilivyotegemea. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akaniuliza, "Na wewe, uliwahi kung'atwa?"

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, sijawahi.

Akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Alisema kama mtu anayetoa rambirambi. Tangu hapo naona anautazama mkono wangu, na nikikaa naye mezani nakaa upande wa mlango.

Nimeandika makao makuu kuomba likizo. Sijasubiri jibu, nashuka na gari lijalo, Mzee atasoma vipimo, nimemfundisha, na anaandika "nyingi" vizuri kuliko mimi. Msiniandalie chochote, wala msimwambie Mheshimiwa kwamba mjomba ana shahada. Mwambieni ninajua kushika ndoo.

Na huyo Tingatinga mwambieni nakuja, na nina mikono miwili.

Kaka yako